Siku Nereida Alipong'oa Chuma

Watu wa Kingsville, mji wetu mdogo wa kusini mwa Texas, wakimtaja mdogo wangu Nereida siku hizi huanza na ajali, kisha hunitazama mimi. Wana haki ya kunitazama. Lakini kabla ya ajali alikuwa mtu, na nataka ajulikane hivyo kwanza.

Tulianza kunyanyua vyuma shuleni, mimi nikiwa mwaka wa mwisho na yeye ndiyo kwanza anaingia. Nilimfundisha mwenyewe namna ya kupanga miguu, kujaza hewa tumboni na kuuweka mgongo kama ubao. Zaidi ya yote nilimfundisha kungoja ishara. Kwenye mashindano, hata ukisimama wima na chuma mkononi, ukikishusha kabla mwamuzi hajateremsha mkono wake hujanyanyua kitu. "Hata nyumba ikiungua," nilikuwa nikimwambia, "wewe ngoja mkono." Alikuwa akicheka mpaka hewa yote inamtoka tumboni, tunaanza upya.

Mimi nikabaki na vyuma, nikawa kocha wa wasichana katika shule ileile. Yeye akaajiriwa kwa daktari wa meno, akaolewa na Rolando, akashika mimba. Mwezi wa saba wa mimba mtoto aliacha kucheza tumboni. Walimwita Marisol, wakamzika. Baada ya wiki chache Rolando alikwenda magharibi kwenye visima vya mafuta, akasema atarudi Pasaka. Pasaka ilipita, na nyingine.

Hapo ndipo Nereida alipokuja jimu ya Mzee Beto, nilikokuwa nikifanyia mazoezi, kwenye banda la bati lililokuwa zamani la kutengeneza matairi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimtayarishia chuma, nikampa mkanda wangu wa kiunoni.

"Asante, dada," akasema. "Lakini mimi sitaki nguvu. Nataka umbo."

Akaenda upande wa pili, kwenye kioo.

Basi tukawa na makabila mawili ndani ya banda moja. Sisi wa nguvu tunabeba mzigo mzito mara mbili au tatu, tunapumzika mpaka moyo utulie, tunarudi. Tunaufunza mwili kuitoa nguvu yake yote kwa mpigo mmoja. Wao watunisha misuli huchukua mzigo wa kadiri na kuurudia mpaka nyama iwake moto na kujaa damu, kisha wanakwenda kula kwa mizani na kulala ili ikue.

"Mara kumi na mbili?" nilimwambia siku moja. "Nery, huo si mzigo. Hiyo ni rozari."

"Na wewe unabeba mara mbili halafu unakaa kama bibi harusi anangoja mpiga picha. Tangu uingie umefanya kazi dakika ngapi? Nne?"

Mzee Beto alicheka mpaka akakohoa.

"Misuli isiyojua uzito ni lori bila dereva," nikasema.

"Na dereva bila lori je? Si anatembea kwa miguu?"

"Nyote mna haki," Mzee Beto akasema, "na nyote mnanichosha."

Kwa miaka tisa tuliendelea hivyo, na wageni waliingia jimu makusudi kutusikiliza. Lakini utani wangu ulikuwa na mwiba ndani yake, na mwenye mwiba nilikuwa mimi. Nereida alipopita dukani kwa blauzi isiyo na mikono, watu walisimamisha vitoroli vyao. Mabega yalikuwa ya duara, mikono imechongeka, kila msuli unaonekana unapoanzia na unapokwisha. Mimi nilikuwa na kiuno cha pipa, na niling'oa ratili mia nne na tano kutoka sakafuni, na hapakuwa na mtu aliyegeuza shingo. Mama aliweka picha za Nereida za jukwaani sebuleni, karibu na Bikira wa Guadalupe. Medali zangu zilikuwa kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha.

Mwaka ule Nereida alikuwa anajiandaa kwa shindano la watunisha misuli la San Antonio. Alikuwa amepata nafasi ya pili mara tatu. Mwamuzi mmoja alimwambia kwamba safari hii, akija mkavu zaidi, bila maji wala mafuta chini ya ngozi, hakuna wa kumzuia. Akajikausha. Zilipobaki siku nane mashavu yake yalikuwa yamebonyea, anazungumza polepole, na anabeba samaki wa kuchemsha ndani ya kikopo kila aendako.

Jumamosi asubuhi niliwaleta wasichana wangu watano jimu. Nereida alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia ya sweta kichwani, anakula. Msichana mmoja, Itzel, alikuwa anavutiwa sana na Nereida. Akamwuliza kwa adabu kabisa, "Dada Nereida, na wewe unaweza kung'oa sahani tatu?"

Sahani tatu kubwa za chuma kila upande, pamoja na fito lake, ni ratili mia tatu na kumi na tano. Kwa wasichana wetu huo ndio mlango wa utu uzima.

Nikajibu kabla yeye hajafungua mdomo. "Nani, huyo? Huyo ni wa kutazamwa tu."

Wasichana wakacheka. Nereida akafunika kikopo chake.

"Weka sahani tatu," akasema.

"Usiwe mtoto. Umekula nini leo, majani?"

"Weka, Chela."

Mzee Beto akatoka nyuma ya meza yake. "Binti, zimebaki siku nane. Ukishapanda jukwaani njoo ung'oe hata hilo lori langu. Leo acha."

"Mara moja tu, mzee. Wewe uwe mwamuzi."

Akachukua zile kamba ambazo watunisha misuli huzifunga kwenye viganja ili chuma kisiwatoke, akaanza kujifunga. Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya.

"La," nikamwambia. "Bila kamba. Huku kwetu tunashika kwa vidole vyetu. Kiganja kimoja kitazame nyuma, kimoja mbele, kama nilivyokufundisha."

Hakuwa ameshika chuma namna ile tangu siku za shule, na nilijua. Nilijua pia jambo ambalo kila mnyanyuaji analijua, kwamba mkono ambao kiganja chake kinatazama mbele ndio ulio hatarini, na kwamba mwili uliokaushwa maji na chakula hukatika upesi. Nililijua kama ninavyojua jina langu. Sikutaka aumie, Mungu shahidi. Nilitaka chuma kimponyoke tu, wasichana wacheke tena, na yeye arudi kuwa mdogo wangu.

Akazifungua kamba, akaziweka juu ya benchi moja kando ya nyingine.

Alipoinama niliona miguu imepangwa vilevile kama zamani. Akajaza hewa. Chuma kikagoma, kikagoma, kisha kikaacha sakafu. Kilipanda polepole sana, lakini hakikusimama. Kilipofika magotini nikajikuta napiga kelele, "Simama nacho! Simama, Nery!" Nilikuwa nimesahau kwamba nataka ashindwe. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linalonitesa kuliko yote.

Akasimama wima. Kisha tukasikia sauti kama shuka iliyolowa inachanwa.

Msuli wa mkono wake wa kushoto ulijikunja juu kuelekea begani, ukawa donge, na chini yake pakabaki bonde. Nereida hakukiachia chuma. Alikuwa anamtazama Mzee Beto usoni, ameuma midomo, machozi yanamtoka, anangoja mkono.

"Shusha!" nikalia. "Nery, shusha!"

Hakunisikia, au hakutaka kunisikia. Mimi sikuwa mwamuzi. Mzee Beto alikuwa ameganda pale, na sijui zilipita sekunde ngapi kabla hajakumbuka kuuteremsha mkono wake. Nereida akakiweka chuma chini taratibu.

"Imehesabiwa?" akauliza.

"Imehesabiwa, mwanangu," Mzee Beto akasema, naye analia.

Ndipo akautazama mkono wake. Hakupiga kelele. Aliushika kwa mkono wa pili, akajaribu kuusukuma ule msuli urudi chini mahali pake, kama mtu anavyovuta soksi.

Huko Corpus Christi, jiji la jirani, daktari wa upasuaji alisema kwamba kano lilikuwa limeng'oka kwenye mfupa, na kwamba katika kazi yake yote amewahi kuliona jambo hilo kwa mwanamke mmoja tu. Alisema atalirudisha mahali pake. Nereida ataendesha gari, atafungua milango, atabeba mifuko ya soko.

"Na umbo lake?" Nereida akauliza.

"Kwa umbo sina ahadi," daktari akasema.

Siku ya shindano alikuwa kwenye kochi la Mama, mkono kwenye bandeji ngumu. Ilikuwa Jumapili, nikaenda na nyama ya kichwa cha ng'ombe na tortilla za moto, zile chapati za mahindi. Nilidhani atanifukuza. Akala. Alikula kama watu wanavyokula msibani, bila kuangalia anachokitia mdomoni. Mama alipokwenda kanisani Nereida akaniuliza, "Unajua kwa nini nilianza?"

Nikasema alitaka kupendeza. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

"Marisol alipokufa niliuliza sababu. Madaktari wakasema hakuna sababu, mwili umekataa tu. Nikarudi nyumbani na mwili huo, Chela. Naoga nao, nalala nao, na ndio ulioniulia mtoto. Nikasema nitautengeneza upya. Kidogo kidogo, mara kumi na mbili, mara kumi na mbili. Nikiuambia bega likue, linakua. Nikiuambia kiuno kipungue, kinapungua. Miaka tisa mwili ulinisikia. Nilitaka nisimame siku moja mbele ya watu waseme mwili huu haukosi kitu. Halafu ningeacha."

Mimi ndiye niliyempokea Marisol kwa muuguzi siku ile. Nilimbeba akiwa amefungwa kwenye blanketi la manjano, mwepesi kuliko kilo mbili za unga, na nilimkabidhi kwa mama yake. Na kwa miaka tisa, kila nilipomtania Nereida mbele ya kioo chake, sikuwahi kuviunganisha vitu hivi viwili.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimeking'oa chuma, au sikuking'oa?"

"Umeking'oa."

"Kwa mazoezi yangu. Kwa rozari yangu, na njaa yangu."

"Kwa mazoezi yako, Nery. Una nguvu kuliko nilivyojua."

"Basi kawaambie wasichana."

Jumatatu nikawaambia. Niliwasimamisha mbele ya chuma, nikasema nilikosea, kwamba nyama iliyokuzwa kwa subira ni nguvu pia, na kwamba kilichomvunja dada yangu si udhaifu wake, ni mdomo wangu. Itzel alitoka nje kabla sijamaliza. Hakurudi kwenye timu, na sikumlazimisha.

Mkono ulipona kama daktari alivyosema. Msuli ulibaki mfupi, umepanda juu, na mahali palipojaa zamani pakabaki pengo la vidole viwili. Nereida hakukanyaga tena jimu ya Mzee Beto. Baada ya miezi mitano alipata kazi Houston, akahama, na simu zangu akawa anazijibu kwa maandishi: mzima, kazi nyingi, msalimie Mama.

Novemba ya mwaka uliofuata Mama alipika tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi na nyama ambavyo kwetu ni chakula cha Krismasi, akanipa nimpelekee Nereida. Niliendesha gari kwa muda wa saa nne. Nereida alifungua mlango akiwa amevaa blauzi ya mikono mirefu na joto lile la Houston, amenenepa kidogo, amekata nywele. Alipika kahawa. Tulizungumza habari za meno ya watu, mvua, goti la Mama.

"Unafanya mazoezi?" nikauliza.

"Natembea."

"Nery, wapo wanaopanda jukwaani hata baada ya—"

"Chela." Akaweka kikombe. "Nimekusamehe. Nilikusamehe zamani, hasira zilinichosha. Lakini ulipoingia hapa ulitazama mkono kwanza, uso baadaye. Mama anafanya hivyohivyo. Hapa hakuna anayejua. Hapa mimi ni Nereida wa meno tu. Naomba uniachie hilo."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Usinihesabie."

Mlangoni alinikumbatia kwa mikono yote miwili, na wa kushoto ulinibana kwa nguvu ndogo kuliko wa kulia. Nikashuka ngazi bila kugeuka, kwa sababu nilijua macho yangu yangekwenda wapi.

Nilipofika Kingsville Mama alikuwa barazani, shali mabegani.

"Amekula?"

"Amekula sita, Mama."

"Sita!" Akafurahi. "Na Krismasi atakuja?"

Nilimwambia kwamba Houston watu hawapewi likizo ovyo. Mama akanitazama, akatikisa kichwa polepole mara kadhaa, akainuka kwa kushikilia kiti.

"Basi," akasema, "mwaka huu nitapika chache."