Kijani Mno

Katika chumba cha kompyuta cha hospitali ile, alikuwapo fundi wa kike ambaye wenzake walimwita Wasiwasi, na mwenyewe hakukataa. Mkuu wake walimwita Shwari, maana hakuwa na jibu jingine.

Kesho mashine kuu ingezimwa itengenezwe, na ile ya akiba, waliyoiita Pacha, iliyokaa jengo la pili, ingeshika kazi. Wodi ya nne alilazwa dada yake Wasiwasi. Kipimo cha dawa yake ya moyo kilibadilishwa kila saa, na nesi alikisoma kwenye kompyuta, kutoka mashine iliyo kazini. Kikisomwa cha uongo, basi tena.

Taa ya Pacha, iliyowaka ukutani mwa chumba chao kuonyesha kama ni mzima, ilikuwa kijani. Miaka minne, kijani tu. Hata mzima wa afya hupiga chafya, Wasiwasi aliwaza. Huyu hajakohoa hata siku moja?

"Mkuu, tuijaribu leo."

"Dada, usichokoze nyuki. Kijani ni shwari."

Anayekwepa kipimo ana ugonjwa anaouficha. Kikulacho ki nguoni mwako, Wasiwasi alijisemea, macho kwa mkuu.

Saa nne asubuhi alikwenda jengo la pili bila kuaga, akachomoa waya wa Pacha, kisha akapiga simu.

"Mkuu, taa ikoje?"

"Kijani. Si nilikwambia?"

"Waya wake ninao mkononi."

Shwari alikuja mbio.

Walipourudisha waya na kuifungua Pacha, orodha ya mwisho ya vipimo vya dawa ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Ilikuwa imekufa zamani, na taa inawachekea. Wasiwasi akafungua maagizo yaliyoandikwa kwenye kompyuta kuiendesha taa, maneno ya kumsuta mkuu yamemjaa mdomoni. Akakuta mstari mmoja: "Pacha asipojibu, washa kijani. Nitarekebisha Jumatatu." Chini yake, jina lake mwenyewe.

Akakumbuka. Kila Pacha ilipochelewa kujibu, kengele ya taa ile ilikuwa ikilia bure kutwa kucha, naye mjamzito, miguu imevimba, amechoka hoi. Jumatatu hiyo alijifungua. Mtoto mwenyewe sasa anakwenda chekechea.

"Nani kaandika?" Shwari aliuliza. Kidole cha Wasiwasi kilikuwa kimeliziba jina.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akakiondoa.

"Mimi."

Kisha akapiga simu wodi ya nne. "Nesi, kesho mashine haizimwi. Na dada yangu akiuliza kwa nini, mwambie mdogo wake alitaka kumuua."