Zamu Yangu ya Kusoma

Nimeegemea magunia ya magadi katika kiwanda cha sabuni, mchana, wenzangu bado wanakula, na karatasi ya masharti ya usalama iko mapajani mwangu. Nafumba macho kidogo tu niirudie kichwani, na magunia yananiachia mgongoni kama mlango ambao haukukomewa, natumbukia. Natumbukia barabarani. Barabara haina mwisho, kila hatua chache kuna kibao, na kila nikikaribia kibao herufi zake zinashuka, zinatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu. Ndivyo zinavyonifanyia tangu darasa la kwanza. Wengine wanaziona zimetulia, mimi zinanikimbia, na hakuna aliyewahi kuniamini. Mvivu, walisema. Mjinga. Namkuta mtu aliyevaa koti jeupe la msimamizi wetu, Bwana Mbena, lakini mahali pa uso ni laini tu, kama kipande cha sabuni kisichopigwa chapa. Bwana, namwambia, saa nane ni zamu yangu. Kila Jumatatu mmoja wetu anawasomea wenzake masharti, na safari hii umesema asiyeweza kusoma anaondolewa kwenye mapipa. Miaka kumi na mmoja napika sabuni kwa pua na vidole, sijaharibu pipa hata moja. Nipite wapi? Anasema, pita ulikopita bila kufika. Nakuomba, Bwana, nieleze nielewe. Anasema, na miwani yako iko wapi, Mama Asnathi? Naona aibu mpaka masikio yanawaka, maana zamu tatu nimesema miwani nimeisahau nyumbani, na sijapata kuwa na miwani maishani mwangu.

Barabara inageuka mji, na mji wote ni vioo, na katika kila kioo nipo mimi nasoma mbele za watu, midomo inakwenda, sauti haitoki. Nasukuma kioo kimoja, naingia darasa la tatu. Mwalimu Semkiwa naye hana uso, lakini fimbo yake naijua. Mwasiti, simama usome. Nasimama, nasoma habari za sungura na kisima, neno kwa neno, kwa kuwa jana nimemsikiliza rafiki yangu Chiku akizisoma nyuma ya jiko lao nikazimeza zote. Nasoma vizuri, jamani, na nina furaha. Darasa linaangua kicheko. Kitabu changu kiko wazi kwenye ukurasa wa ng'ombe. Ng'ombe mzima kachorwa pale, kila mtu anamwona. Toka, ukakae na darasa la kwanza, anasema mwalimu, nami natoka, na mlango unanirudisha darasa lile lile, simama usome, sungura, kicheko, ng'ombe, toka, mara nne, mara saba, mpaka nampigia magoti. Mwalimu, nikitoka hapa nitakuwa nani? Anajibu, atakayetoka ndiye aliyebaki.

Mama Asnathi, amka bwana, saa nane hiyo. Ni Mwamvita, tunayepika naye pipa moja, ananitikisa bega. Watu wameshakusanyika. Karatasi imeanguka, naokota ninayoikuta miguuni pangu, najifuta uso, nasimama. Leo sisemi habari za miwani. Binti yangu Asnathi amenisomea masharti haya siku nne mfululizo, yote ninayo. Vaa glavu na buti. Mimina magadi kwenye maji, usimimine maji kwenye magadi. Yakikurukia, nawa kwa maji mengi, ita mwenzako. Sauti haitetemeki. Namaliza, nasubiri makofi, hayaji. Mama Asnathi, anasema Bwana Mbena, taratibu, karatasi uliyoshika ni ya vyakula vya kantini.

Naiangalia. Juu kabisa kuna kuku, kachorwa mzima, na kishungi chake. Kuna anayeanza kucheka, sijui ni wa hapa au wa kule. Siinui macho. Nikiinua nikakuta nyuso zao, basi niko macho na haya yametokea. Mungu wangu, nainua kichwa taratibu, naomba zisiwepo.