Ruhusa ya Mista Graham

Javan hakuwa mjinga, ila Kiingereza chake kilikuwa kama koti la mtumba: mabegani kilimkaa, mikononi kikampwaya. Neno moja moja alilijua vizuri. Yakikaa pamoja ndipo yalipomgeuka.

Jumatano alimwendea Mista Graham, meneja mpya aliyeletwa kutoka Uingereza kuendesha kiwanda cha sabuni, akamwomba ruhusa ya Jumamosi. Siku hiyo alitakiwa mtaa wa Ziwani kwa kina Everline, mchumba wake, ajitambulishe kwa wazazi. Baba mtu alishasema wazi kwamba binti yake hamtoi kwa mtu asiye na kazi. Dada mkubwa aliolewa na mtu wa kubahatisha, na mpaka leo hurudi nyumbani kula.

Ijumaa meneja akamwita ofisini. Akakohoa, akatazama dirisha.

"Javan, I'm afraid we have to let you go."

Javan akayapanga kichwani. Let, acha. You, wewe. Go, enda. Ruhusa imetoka. Lakini mbona mzee wa watu anasema anaogopa? Labda mashine zitakosa mtu kesho. Akamhurumia.

"Don't fear, sir. I am very happy."

Mista Graham alimkodolea macho, akampa mkono, kisha akaomba ile kadi ya getini. Javan akaona ni wema tu, kadi isije ikapotelea kwenye sherehe.

Jioni akapitia kinyozi kwa Mbuthia, rafiki yake wa Makongeni, ambaye ndiye angekuwa msemaji wake mbele ya wakwe. Mbuthia alikuwa amefanya kazi kwenye hoteli za wazungu, na Kiingereza cha kufukuzwa alikijua kwa kukionja.

"Alisema have to?" Mbuthia akauliza, mashine ya kunyolea ikiwa hewani.

"Have to. Yaani lazima. Hawezi kuninyima."

"Na kadi akachukua."

"Akachukua."

Mbuthia akawakonyeza wateja waliokaa kwenye benchi. "Basi buda, hiyo ni ruhusa kubwa. Mimi sijaona mtu akipewa kubwa hivyo." Benchi zima likacheka. Javan naye akacheka, akanyolewa bure.

Kesho yake, Ziwani, mambo yalianza vizuri. Mbuthia alimpamba mwenzake mpaka shangazi za Everline wakapiga vigelegele. Mzee Luseno, baba yake Everline, karani mstaafu wa reli, akauliza kitu kimoja tu.

"Na huko kazini, kijana, wanakuthamini?"

Mbuthia akawahi kujibu. "Mzee, huyu bosi wake anamwogopa. Javan, hebu waambie jana alikuambia nini. Usitafsiri. Iseme na Kizungu chake."

Javan akasimama, akaweka tai sawa, akakohoa kama meneja. "Javan, I'm afraid we have to let you go."

Shangazi mmoja akanong'ona, "Amesema nini?"

"Wamemfuta kazi," Mzee Luseno akasema.

"Hapana, baba. Wameniachilia nije huku."

"Mwanangu, hivyo ndivyo Mwingereza anavyofukuza mtu. Hiyo afraid siyo woga, ni pole. Kadi ya getini unayo?"

Javan akapapasa mfuko wa shati. Kisha akamgeukia Mbuthia. "Wewe ulijua?"

"Nilijua," Mbuthia akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Lakini ulikuwa umefurahi sana, buda. Ningeanzia wapi?"

Shangazi wakaangua kicheko. Everline alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Javan alidhani analia, mpaka binti alipoinua uso, akaona meno.

Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Firigisi ya kuku, ambayo nyumba za Waluhya humwekea mgeni wa heshima, ilikuwa kwenye sahani ya Javan. Mama Everline akaitazama, akamtazama mumewe, akaichota kwa kijiko.

"Na wewe baba," akamwuliza Mbuthia, "hicho kinyozi ni chako?"

"Ni changu, mama. Na nina viti vitatu."

Firigisi ikahamia kwake. Javan akaachiwa shingo. Mbuthia akatafuna taratibu, akasema imeiva vizuri, ila chumvi ndiyo haijakolea.

Everline akainuka, akamletea.