Kanga wa Mama Raudha

Mwantumu aliporudishwa nyumbani Kiegei kutoka hospitali, chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Uji aliuonja akaurudisha. Mumewe, Yunusi, alimchinjia kuku, mchuzi akautazama tu. Ndipo siku moja, akiwa amelala ubavu mkekani, akasema, "Baba Raudha, ningepata supu ya kanga ningekunywa."

"Kanga wa porini?"

"Kama wale uliokuwa ukiniletea zamani."

Yunusi alichangamka. Tangu ugonjwa uingie nyumba ile, mkewe hakuwa ameomba kitu. Alikuwa na raifoli ndogo, ya risasi nyembamba za kupigia ndege, na kibali cha msimu alishakikata Nachingwea. Ila siku aliyoipeleka polisi kukaguliwa, wakati wa kurudi bodaboda iliteleza mchangani, bunduki ikajipiga chini. Tangu hapo risasi hazikwenda alikolenga.

Akamwendea jirani yake Teofili, seremala mstaafu wa misheni na mwindaji mwenzake, mwenye gobore lake. Wakaenda kwenye shamba la ufuta lililokwisha kuvunwa, penye kichuguu kikubwa kisicho na njia wala nyumba nyuma yake. Teofili akachora doa la mkaa kwenye kipande cha boksi, akakiegemeza kichuguuni. Wakaweka mfuko wa mchanga juu ya gogo ili bunduki isitikisike.

Alianza Teofili. Matundu yake yote yalikaa pamoja, kushoto mwa doa.

"Unaona?" Yunusi akasema. "Imepinda ilipoanguka."

Teofili akatoa nyundo ndogo, akakigonga taratibu kile kinundu cha kulengea kilicho mwisho wa mtutu, kwenda kushoto hukohuko, maana kinundu husogezwa upande risasi zinakokosea. Akapiga, akagonga tena kidogo, akapiga. Mwishowe risasi zikawa zinaingia kwenye doa.

"Imekaa sawa. Njoo ujaribu."

Yunusi akalala, akabana pumzi, akafyatua. Tundu moja lilionekana kwenye pembe ya juu ya boksi, jingine chini kabisa, risasi nyingine hazikuonekana zilikoingia. Akarudia, ikawa vilevile. Teofili akaichukua bunduki, akapiga moja tu, ikaingia kwenye doa. Akamrudishia.

Wakakaa kwenye gogo.

"Tangu lini?" Teofili akauliza.

"Tangu mwaka jana. Jicho la kulia lina ukungu, na la kushoto linafuata. Nikilenga naona vinundu viwili, na doa nalikisia tu."

"Nyumbani wanajua?"

"Mama Raudha ana yake yanayomtosha."

"Basi kesho nitakuja na gobore. Mimi nipige, wewe uchinje."

Yunusi akatikisa kichwa. "Ameniomba mimi, Teofili."

Teofili alimbembeleza, hakukubali. Basi akamsogezea boksi karibu, karibu sana, mpaka risasi zikaanza kuingia. "Usipige mbali zaidi ya hapa," akamwambia. "Bora urudi mikono mitupu."

Asubuhi Yunusi akaenda peke yake. Kanga walikuwa wameshuka shambani kuokota ufuta uliomwagika, weusi weusi kati ya mabua. Akajikokota kwa magoti, lakini wakaanza kusogea kabla hajawakaribia. Akaona wanampotea. Akalitaja jina la Mungu, akafyatua.

Kundi likaruka kwa kelele. Mmoja akabaki akipigapiga bawa, kisha akakimbia akiburuza mguu, akazama vichakani. Mwenye macho angeona alikoingia. Yunusi aliona manyoya na damu kidogo, halafu majani yote yakawa rangi moja. Alimtafuta kwa mikono na masikio. Mara alimsikia akichakura, akakimbilia upande ule, kumbe siko. Jua lilikuwa limeshapanda alipomgusa chini ya kichaka. Kisu hakikumuwahi. Alikuwa kibudu, hakufaa kuliwa tena.

Akamfukia, akakaa palepale mpaka machozi yalipokauka.

Mwantumu alimtazama mikono alipoingia. "Hukupata."

"Nilimpiga. Sikuona alikoangukia, akafa kabla sijamchinja." Yunusi akaketi kando yake. "Macho yangu yameharibika, Mama Raudha. Nilikuficha."

"Chai unamimina nje ya kikombe, ningeachaje kujua? Nilinyamaza kwa sababu ungeacha kwenda porini, na porini ndiko ulikokuwa unafurahi."

"Teofili alitaka kuniwindia. Nikakataa."

"Kwa nini?"

Yunusi akaitundika bunduki ukutani.

Jioni hiyo akaenda mwenyewe kumwomba Teofili. Kesho yake waliongozana, gobore likalia, na Yunusi akamkimbilia ndege alikoelekezwa, akamchinja akiwa bado na uhai. Supu ilipoiva akaipeleka kitandani. Mwantumu alivuta pumzi juu ya mvuke wake, akalowesha midomo kwa kijiko, akajaribu kumeza. Ikarudi.

"Inanukia vizuri," akasema. "Kunyweni ninyi."

Wiki hiyo hiyo akafariki. Yunusi aliwaambia waliokuja kumpa pole kwamba ni kazi ya Mungu, lakini kwa Teofili alisema jingine. "Ile siku moja niliyoipoteza," alimwambia, "labda koo lilikuwa bado wazi."

Teofili akamsogezea kikombe cha chai mpaka mkono wake ukakigusa.

Arobaini ilipopita, wakaipeleka raifoli polisi kuisalimisha. Askari akaigeuzageuza. "Mbona nzima, mzee? Unaiachia nini?"

"Macho," Yunusi akajibu.

Raudha, binti yake aliyeolewa Ruangwa, alikuwa amemwita akaishi naye. Mchana huo Teofili akamsindikiza Yunusi stendi, akamshika mkono apande gari, akasimama dirishani mpaka likaondoka. Yunusi alikuwa akipunga mkono, ila alikuwa anaupungia upande ambao Teofili hakuwepo.