Saa ya Kifuani

"Mgonjwa wako huyo hapo, mama. Mfyonze makohozi," alisema msimamizi wa mtihani, binti mwenye kalamu tatu mfukoni, akionyesha sanamu la plastiki lililolazwa kitandani. Lilikuwa na mpira kooni, na mashine ya kupumulia ililisukumia hewa: fuu, fuu.

Muuguzi aliyekuja kuomba kazi alinawa mikono, akavaa glavu, kisha akaliinamia sanamu sikioni. "Pole, baba. Nitakukera kidogo tu."

Msimamizi akabana kicheko. "Hilo halisikii."

"Hata wale wa kweli niliambiwa hawasikii. Wakaamka, wakanisimulia."

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Chumba chenyewe kilifungwa mwezi wa tatu, vitanda sita vikatolewa nje kama vyombo vya mpangaji aliyehama. Tangu hapo alikuwa amepiga hodi hospitali nne. Hii ilikuwa ya tano. Asubuhi, bintiye alipokuwa akimpigia pasi gauni jeupe, alimwambia, "Mama, na hawa wakikukataa, si uende ukapime watoto uzito pale zahanati? Nayo ni kazi."

"Ni kazi, mwanangu. Lakini mikono yangu imezoea watu walioshika kizingiti, hawajui watoke au warudi."

Sasa aliliongezea sanamu hewa, akachomoa mpira wa mashine, akapitisha mrija mwembamba kooni. Akafumba mdomo. Saa ya ukutani hakuipa hata jicho. Aliuzungusha mrija, akautoa taratibu, akairudisha mashine mahali pake, ndipo naye akashusha pumzi.

"Sekunde tisa," alisema msimamizi, akiandika. "Lakini hukutazama saa. Fomu yetu inataka utazame saa. Hapo nimekukata alama."

"Saa ninayo." Akajigusa kifua. "Nikimwondolea mtu hewa, na mimi siivuti. Nikianza kubanwa, najua naye kabanwa."

"Na siku ukiwa na mafua?"

"Siku hiyo mgonjwa kabahatika. Namaliza upesi zaidi."

Msimamizi hakucheka. "Haya, mama. Tutakupigia simu."

Maneno hayo alishayasikia mara nne, na simu haikulia hata mara moja. Akavua glavu, akalifunika sanamu shuka mpaka kifuani, maana mazoea yana taabu, akachukua mkoba wake.

Hakufika mbali. Kengele ya mashine ililia mahali fulani, na msimamizi akampita mbio kwenye korido, viatu vikilia sakafuni. Muuguzi akasimama kwenye dirisha la kioo. Ndani alilala mzee mmoja, kifua kikikoroma. Msimamizi akachomoa mpira wa mashine, akaingiza mrija. Macho yake yakaruka kwenye saa ya ukutani, yakarudi kwa mzee, yakatulia hapo. Midomo ya binti huyo ilikuwa imefumbwa, imebanwa kabisa.

Nje ya kioo, mkoba kwapani, muuguzi akagundua kwamba naye bado hajavuta pumzi.