Mkasi wa Shemeji

Shemeji yangu ana kipaji cha kumharibia mtu siku kabla hajanywa chai. Asubuhi ile aliingia chumba cha eksirei bila hodi, akaniambia dada ameshaanza kufunga vyombo. Mkuu wa maabara alikuwa ameziona picha zangu: kathodi ya shemeji, ule upande chanya wa betri ya lithiamu alioupika kwa miaka, imejaa nyufa. Kama inapasuka kwa kuchajiwa tu, mkuu alisema, mradi unafungwa jioni hiyo, na shemeji akatafute kazi kwingine. Kwingine huko ni ng'ambo, na angeondoka na dada yangu.

Mimi na shemeji hatuachi kutaniana. Humwita Profesa Sufuria kwa jinsi anavyokoroga unga wake. Lakini dada ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, na picha zilizokuwa zikimpeleka mbali nilizipiga mimi. Nilimwambia shemeji akae kimya, nikazifungua upya kwa hasira.

Chembe za kathodi zikichoka kwa kuchajiwa, hupasuka kutoka ndani, kila moja kivyake. Hizi zilikuwa zimepasukia upande mmoja zote, na nyufa zilizidi ukingoni, pale sampuli ilipokatwa. Nikamwuliza aliikata kwa kitu gani. Akatoa mfukoni mkasi wake wa tangu uanafunzi, ambao mkewe alishaukataa jikoni kwa ubutu.

Nilimwamuru akate kathodi mpya, isiyowahi kuchajiwa hata mara moja. Tukaiweka kwenye mashine. Nyufa zilikuwa zilezile.

"Shem," nikasema, "betri yako haina ugonjwa. Umeitafuna wewe."

Hakucheka. Alisema hiyo haitoshi, lazima tuione iliyochakaa bila kuigusa, na safari hii nilikubaliana naye. Tukachukua betri nzima, ndogo kama kifungo cha koti, iliyochajiwa na kuishiwa chaji mwaka mzima, tukaipiga picha bila kuifungua. Mashine ikaizungusha taratibu. Shemeji alikaa sakafuni kashika kichwa, nami nikajitia kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Picha ilipojaa kwenye skrini, chembe zilikuwa nzima. Nikakaa sakafuni karibu naye. Mkuu aliitwa, akainama, akauliza mambo mawili matatu, kisha akasema kazi iendelee na mkasi ule utupwe.

Jioni nilikwenda kwao. Dada alikuwa anazungushia sahani magazeti, akadhani nimekuja kumsaidia kufunga. Nikaichukua sahani mkononi mwake, nikaivua gazeti, nikairudisha kabatini. Akanitazama, akamtazama mumewe mlangoni, akaketi juu ya boksi huku machozi yanamtoka.

"Nilishaanza kukuaga moyoni," akasema.

"Inuka hapo," nikamwambia. "Umekalia vikombe."