Baba, Sita Kati ya Kumi

Mama alikuwa akimenya vitunguu Baba alipoingia, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti chake. Ilikuwa Jumanne jioni. Mgodi ulikuwa umemporomokea tangu Jumapili, naye bado alikuwa huko chini. Redio ilikuwa imetoka kutangaza kwamba, kwa mujibu wa kampuni, uwezekano wa wachimbaji kupatikana hai ni sita kati ya kumi, na Baba alikuja kwa kiasi hicho hicho: sura yake ilionekana vizuri, ila kupitia kifuani mtu angeweza kusoma kalenda ya ukutani.

"Chai imepoa," Mama alisema.

"Ipashe basi. Chini kuna baridi."

"Hata ukiwa nusu mtu hukosi la kulalamikia."

Binti yao, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, alipasha chai na kumwuliza wamebaki wangapi. Baba alisema zamu nzima ni wazima, wako nyuma ya mwamba.

"Waambie wachimbe upande wa pampu. Huko langoni wanatwanga maji kwenye kinu."

Asubuhi yake chuoni, kipindi cha somo la uwezekano kilipokwisha, binti alimfuata mhadhiri wake. Ndiye aliyekuwa akiikokotolea kampuni zile namba.

"Shikamoo, Mwalimu. Baba alikuja jana. Anasema wachimbe upande wa pampu."

"Marahaba. Wamekuja wengi," mhadhiri alisema, akifuta ubao. "Lakini ushahidi wa mtu asiyetimia hauingii kwenye hesabu. Isitoshe, mitambo inaondolewa leo. Ikiondoka, namba inashuka hadi mbili."

"Inashuka kwa sababu wameacha kuchimba?"

"Huo ndio uwezekano wenye sharti. Umeelewa kuliko wenzako."

"Na wanaacha kuchimba kwa nini?"

"Kwa sababu namba inashuka."

Hakuwa mtu mbaya. Alimpa pole, na kitabu cha mazoezi.

Binti na mama yake walikwenda mgodini. Mlinzi aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji yangu naye alikuja kula kwetu jana, akaeleza hivyo hivyo. Nikawafikishia wakubwa. Wakasema asiyekuwepo na lake halipo."

Nyuma yake malori yalikuwa yakitoka, yamebeba mitambo.

Jioni hiyo Baba hakuweza kuinua kikombe. Mama alimnywesha, na chai ikapita moja kwa moja hadi kwenye mto wa kiti. Baba alizungumza kama mtu aliye chumba cha pili. Binti alisogeza sikio mdomoni pake, akasikia neno moja tu likirudiwa: pampu. Alikwenda uani, akalia kwa hasira, akanawa uso, akarudi ndani.

Kufikia mwisho wa wiki namba ilikuwa moja kati ya mia, na shimo likazibwa kwa zege. Kampuni haikutangaza sifuri. Sifuri, mhadhiri alilieleza darasa, inataka uthibitisho, na kuthibitisha ni kuchimba. Basi Baba akabakia hapo: harufu ya udongo mbichi, na kikohozi kitini. Majirani walipokuja kutoa pole, Mama aliwauliza pole ya nini na mwenyewe yupo. Hakuwa mjane, na mume hakuwa naye.

Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, swali la nne lilihusu mgodi. Binti alilijibu.

"Umeandika nini?" Mama alimwuliza aliporudi.

"Moja kati ya mia."

Kitini palikohoa.

"Hukuandika kwamba walikuwa hai?"

"Hawakuuliza hilo, Mama."